Joto la Mwili Kugeuzwa Stima: Rada Yote ya Saa, Pete na Tochi Zisizotaka Chaji

Hapo umekaa ukisoma hii story, mwili wako unatoa joto la karibu wati 100. Hujapiga tizi, hujapanda ngazi, umekaa tu. Ni kama ile balbu ya kitambo ya waya, ile ilikuwa inachoma vidole ukijaribu kuitoa. Sasa chukua mat ya abiria 14 asubuhi, madirisha yote yamefungwa juu ya baridi. Hiyo ni kama wati 1,400 za joto, zinakaribia pasi ya stima, na kazi yake yote ni kuwatoa watu jasho.

Ndio maana kila baada ya muda kuna video inazunguka kwa magrupu ikionyesha bangili ama pete ama T-shati ambayo eti "inachaji simu kwa joto la mwili". Mtu wa kwanza anaisambaza, wa pili anauliza inauzwa wapi, wa tatu tayari ameshatuma doh.

Teknolojia yenyewe ni ya ukweli. Inaitwa themoelektriki, iko na zaidi ya miaka 200, na kuna vyombo vya angani vimeishi juu yake. Kitu si ya ukweli ni ile hesabu unauziwa nayo. Na hii si story ya pesa tu, kwa sababu kuna mtu mahali anahitaji kifaa kama hiki kumsaidia kusikia ama kupima moyo, na anakaa mahali ambapo stima ni ya kubahatisha. Acha nikuchanue pole pole.

Jamaa aliona sindano ikicheza

Mwaka wa 1821, huko Berlin, Thomas Johann Seebeck alichukua metali mbili tofauti, akaziunganisha ncha kwa ncha zikafanya kama duara, kisha akapasha moto kiungo kimoja. Dira iliyokuwa karibu ikageuza sindano. Seebeck akaamini ameona joto likizaa sumaku, na hakutaka kuambiwa vingine. Hans Christian Ørsted wa Denmark ndiye alisema zii, joto limesukuma umeme, na umeme ndio umesukuma sindano. Kwa vitabu bado tunasema "athari ya Seebeck", so mzee alielewa vibaya na bado jina likabaki lake. Maisha.

Mwaka wa 1834 Mfaransa Jean Peltier akaona upande wa pili wa hiyo shilingi. Ukipitisha umeme kwa kiungo kama hicho, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Kama umewahi kukunywa maji baridi kutoka kwa zile dispensa ndogo zisizo na kompresa, ulikunywa kazi ya Peltier.

Inafanyaje? Fikiria barabara ya tao imejaa wachuuzi. Ghafla kanjo wanatokea upande mmoja. Unajua kitakachofuata: kila mtu anabeba mzigo anakimbilia upande ule mwingine, na huko mwisho wa barabara wanarundikana. Joto ndio kanjo, elektroni ndio wachuuzi. Upande wa moto elektroni zinachangamka, zinakimbilia upande wa baridi, na ule mrundiko ndio unaupima ukiuita volti. Lakini kanjo wakitokea pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nguvu sawa, hakuna mtu ako na pa kukimbilia. Watu wanatetemeka hapo walipo na hakuna mrundiko. Shika hiyo picha, tutaihitaji tukifika Mombasa.

Metali za kawaida zinatoa volti kidogo sana. Unataka kitu kinachopitisha umeme vizuri lakini kinazuia joto, kwa sababu joto likipita haraka pande zote zinakuwa sawa na mchezo umeisha. Vitu vya tabia hiyo ni vichache. Kwa joto la kawaida la binadamu bingwa amekuwa bismathi teluraidi, semikondakta ambayo watafiti wa Uingereza walionyesha uwezo wake mwaka wa 1954. Kijiti kimoja chake kinatoa karibu maikrovolti 200 kwa kila digrii moja ya tofauti. Unachukua vijiti vya aina mbili, aina moja inabeba chaji hasi na nyingine chanya, unaviunganisha kama cheni na kuvibana kati ya vigae viwili vya kauri. Kigae cha kawaida cha sentimita 4 kwa 4 kiko na jozi 127, na kinakupa kama milivolti 50 kwa digrii.

Hakina injini, hakina mafuta, hakuna kitu kinazunguka, so hakuna kitu cha kuvunjika. Voyager 1 na Voyager 2, zilizorushwa angani mwaka wa 1977, zilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 40 kwa mtindo huu, upande wa moto ukipashwa na plutoniamu na upande wa baridi ukiangalia anga tupu. Na kabla uone hiyo ni ya NASA tu: mwaka wa 1970 huko Paris, mgonjwa aliwekewa kifuani pesimeka, ile mashine ndogo inayoupa moyo mdundo, ambayo stima yake ilitoka kwa plutoniamu kwa njia hii hii. Msee alikuwa anatembea mjini na nyuklia kwa kifua. Zilitengenezwa kwa sababu betri za wakati huo zilikuwa zinaisha haraka, na kubadilisha betri ya moyo ni upasuaji.

Unauza tofauti, hauuzi joto

Hapa ndio wengi wanapotezwa. Kifaa hakijali mwili wako uko na joto kiasi gani. Kinajali tofauti kati ya upande unaogusa ngozi na upande unaogusa hewa.

Ngozi yako iko karibu digrii 33. Tuseme chumba kiko digrii 23. Tofauti ni 10, si ndio? Ndio, lakini kigae hakipati hizo 10. Joto likitoka ndani linapita vizuizi vitatu: ngozi na mafuta yake, kigae chenyewe, halafu ile hewa iliyotulia juu ya kigae. Kila kizuizi kinakata fungu lake, na kizuizi kikubwa kinakata kubwa. Ngozi ni blanketi, hewa tulivu pia ni blanketi, na kigae ni kitu chembamba katikati. So anabaki na makombo, digrii moja ama mbili.

Unaweza kuongeza mapezi ya aluminiamu kwa nje, kama yale yako kwa injini ya pikipiki, ili joto litoke haraka. Inasaidia. Lakini nani anataka kuvaa kipande cha injini ya boda kwa mkono akienda harusi? Na ukifyonza joto nyingi sana kutoka kwa ngozi, mwili unashtuka, unafunga mishipa midogo ya damu hapo, na ngozi inapoa. Unamkamua ng'ombe mpaka anakukatalia maziwa.

Halafu kuna ile sheria inauma kuliko zote. Nguvu inayotoka haishuki sawa na tofauti, inashuka kwa mraba wake. Ukipunguza tofauti nusu, unabaki na robo. Ukipunguza mara tatu, unabaki na moja ya tisa.

Weka hiyo hesabu hapa nyumbani. Asubuhi ya Julai Nairobi, hewa digrii 12, ngozi ya mkono imepoa kidogo mpaka 30. Tofauti ni 18. Adhuhuri ya Mombasa, hewa digrii 31, ngozi 34. Tofauti ni 3. Moja ni mara sita ya nyingine, so nguvu ni mara 36. Saa ileile, mkono uleule, na msee wa Limuru anapata mara 36 ya anachopata msee wa Likoni. Kanjo wametokea pande zote mbili.

Na kama uko na ndugu anafanya wera Doha ama Dubai, mwambie hii atacheka. Kiangazi huko hewa ikifika digrii 45, nje ni moto kuliko ngozi. Joto linaingia badala ya kutoka, umeme unatoka ukiwa umegeuka, hasi imekuwa chanya. Tofauti ni digrii 10 tena, so kigae kiko na kazi, bora saketi iwe imetengenezwa kukubali pande zote. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anatembea nje hiyo saa kwa hiari.

Piga hesabu na shilingi

Hizi maneno za miliwati na maikrowati zinachanganya, so tufanye hivi. Wati moja iwe shilingi milioni moja. Miliwati inakuwa thao moja. Maikrowati inakuwa bob moja.

Mwili wako unamwaga joto la wati 100, yaani milioni 100. Wewe ni tajiri. Lakini hiyo ni pesa ya joto, na kuibadilisha kuwa pesa ya umeme kuna ada, na ada imewekwa na fizikia yenyewe. Kwa tofauti ya digrii 10, hata mashine kamilifu ambayo hakuna mtu atawahi kuijenga ingekupa asilimia 3 na kitu tu. Vigae vya ukweli vinapata sehemu ndogo ya hiyo asilimia 3, na vinapata ile tofauti ya makombo, na huwezi kufunika mwili wote na vigae.

Mwaka wa 2016 timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, ilitoa kifaa cha kuvaa kilichofika mpaka maikrowati 20 kwa kila sentimita mraba. Wakati huo ilikuwa habari kubwa, na ilistahili. Tuseme umevaa kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha hiyo kitu, na kinafanya kazi kwa kiwango chake cha juu kabisa masaa yote. Unapata maikrowati 2,000. Thao mbili.

Simu yako iko na betri ya 5,000 mAh. Hiyo ni kama wati-saa 19. Kwa thao mbili yako, kuijaza kutoka sufuri kutachukua masaa 9,500. Hiyo ni siku 395. Mwaka mzima na mwezi juu, bila kuvua, bila kuoga, na simu ikiwa imezimwa muda huo wote. Chaja ya kawaida ya wati 10 ni milioni kumi. Unashindana na milioni kumi ukiwa na thao mbili.

So mtu akikuambia bangili yake inachaji simu kwa joto la mwili, usibishane naye. Muulize ni siku ngapi.

Kwa wale wa filamu: kwenye The Matrix ya 1999, mashine zinafuga binadamu ili zitumie joto na umeme wao. Picha kali, biashara mbaya. Hizo mashine zingefilisika mwezi wa kwanza kwa bili ya chakula peke yake.

Saa ndio zilielewa mapema

Kama pato ni bob chache, tafuta mtu anayeishi kwa bob chache. Huyo ni saa ya mkono. Saa ya kawaida ya kwozi inakula karibu maikrowati moja. Bob moja.

Seiko wa Japani waliona hiyo nafasi, na mwaka wa 1998 wakatoa Seiko Thermic. Ndani kulikuwa na moduli 10 ndogo zimebanwa kati ya mgongo wa saa unaogusa ngozi na mwili wake wa nje. Kwa tofauti ya digrii 1.5 tu ilikuwa inatoa karibu maikrowati 22. Bob 22 mfukoni, matumizi bob moja hivi, na inayobaki inaingia kwa betri ndogo ya akiba ya usiku. Kazi safi. Lakini walitengeneza 500 tu na wakaachia hapo. Na kabla mtu aanze: kuchaji simu yako na hiyo Seiko kungechukua karibu miaka 98.

Miaka 18 baadaye, Novemba 2016, kampuni ya California inaitwa Matrix Industries (ndio, Matrix, nadhani walijua wanachofanya) ikaanza kuchangisha pesa mtandaoni ya PowerWatch. Hii ilikuwa saa janja, inahesabu hatua, usingizi na kalori, na huichaji. Nilipenda kitu moja kwake: kwa sababu inaishi kwa joto linalotoka mwilini, inaweza kutumia hilo joto hilo kukadiria kalori unazochoma. Ukiivua inalala, ikiweka data zako, ukiivaa inaamka.

Lakini angalia walichotoa sadaka. Saa janja ya kawaida, betri ya 300 mAh inayoisha kwa siku moja, inakula karibu miliwati 48. Thao 48 dhidi ya mapato ya thao chache ukiwa na bahati. So PowerWatch ya kwanza haikuwa na skrini ya kugusa, haikuwa na mbwembwe. Na PowerWatch 2 ilipokuja mwaka wa 2019 ikiwa na GPS na kipima mapigo ya moyo, walikuwa wameizungushia ukanda wa sola. Joto peke yake halikutosha bili. Hiyo sola ndiyo iliniambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Tochi ya Ann

Hii ndio sehemu ya hii story ambayo imenikaa. Ann Makosinski alikuwa msichana wa shule huko Victoria, Kanada. Alikuwa na rafiki Ufilipino ambaye alikuwa anaanguka shuleni kwa sababu kwao hakukuwa na stima ya kusomea usiku. Ann akajiuliza, kama mkono uko na joto, mbona tochi isiwashwe na mkono unaoishika?

Akachukua vigae vya Peltier, akavifunga kwa nje ya bomba la aluminiamu lililo wazi katikati. Kiganja kinashika vigae kwa nje, hewa baridi inapita ndani ya bomba. Moto huku, baridi kule. Nguvu ikatosha kabisa, lakini volti haikutosha. Vigae vinatoa volti ya chini sana, na balbu ya LED ni kama mlango wa benki, haufunguki mpaka ufike kiwango. Alisumbuka na hiyo kitu kwa muda mpaka akapata saketi yenye transfoma ndogo ya kupandisha volti. Ikawaka. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 15, akashinda Google Science Fair kwa kundi la umri wake.

Sasa hiyo tochi inang'aa vizuri zaidi hewa ikiwa baridi. Jioni ya Kanada ni rafiki yake. Ufilipino usiku ni kama pwani yetu, digrii 25 na unyevu juu. Yaani yule rafiki aliyesababisha tochi itengenezwe anaishi mahali ambapo tochi inapata taabu zaidi. Haimaanishi Ann alikosea, tochi inafanya kazi na wazo lilikuwa la moyo. Inamaanisha tu kwamba hii teknolojia inalipa vizuri watu wa nchi baridi, ambao wengi wao tayari wako na soketi ukutani, na inawabania wale wa joto ambao stima inawapotea. Ukisoma ripoti za maabara utaona vipimo vingi vinafanywa kwa chumba cha digrii 20 ama 22. Hakuna mtu anapima Garissa.

Ile pete ya volti moja

Februari 2021 kuliibuka pete ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kazi ya Jianliang Xiao na wenzake, iliyochapishwa kwa jarida la Science Advances. Pengine uliiona. Inanyumbulika, unaivaa kidoleni kama mpira, ukiikata unashikanisha inajiponya, ikichoka unaiyeyusha na kutengeneza nyingine. Na kila tovuti, nyingi kama hii yetu, zikaandika: inatoa volti 1 kwa kila sentimita mraba ya ngozi! Ukivaa ukanda mkononi unapata volti 5! Watu wakasema bas, volti 5 si ndio ya USB?

Tulia. Volti ni presha ya maji kwa mfereji. Wati ni ndoo ngapi umejaza. Unaweza kuwa na presha ya kutisha kwenye mfereji wa tundu la sindano na ukeshe hapo na ndoo moja.

Na kuna kitu kingine. Ukisoma muhtasari wa utafiti wenyewe, ile volti 1 ilipimwa kwa tofauti ya digrii 95. Tisini na tano. Hiyo ni kuwa na barafu upande mmoja na maji yanayokaribia kuchemka upande mwingine. Volti inapanda sambamba na tofauti, so kwa zile digrii mbili za ngozini unabaki na kama milivolti 20 kwa sentimita. Watafiti hawakuficha, namba iko hapo kwa muhtasari, ila hakuna mtu hupeleka muhtasari kwa TikTok. Kitu kikubwa walichofanya ni kile kingine: kifaa cha umeme kinachojiponya na kisichoenda dampo. Hicho ndicho kingestahili kichwa cha habari.

Wanaongoja kweli

Rudi kwa shilingi zetu. Nani mwingine anaishi kwa pesa kidogo? Pesimeka ya leo inakula kama bob 10. Kifaa cha kusaidia kusikia, karibu thao moja. Sensa inayopima mapigo ya moyo mara kwa mara na kutuma ujumbe mfupi, inategemea, lakini inaweza kubanwa ikaingia kwa bajeti ya mamia ya bob. Hawa ndio wateja halisi wa joto la mwili.

Fikiria shosh anayetumia kifaa cha kusikia ushago. Zile betri ndogo za kifungo zinaisha kila wiki ama mbili, na duka la karibu linaloziuza liko tao. Ikiisha Jumatatu na mtu wa kwenda tao anaenda Ijumaa, shosh anakaa siku nne hasikii. Kwake miliwati moja isiyokatika ingekuwa kubwa kuliko chaja yoyote ya simu.

Watafiti wako hapo. Kituo cha imec huko Leuven, Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 2000 kilitengeneza mkanda wa kichwa unaopima mawimbi ya ubongo bila betri, ukila joto la kichwa. Kichwa ni mahali pazuri kwa sababu damu yake haipungui hata baridi ikipiga. Ile timu ya North Carolina ilipima sehemu mbalimbali na ikapenda mkono wa juu, pale kwa misuli. Kifundo cha mkono, ambapo kila mtu anataka kuvaa, kina mifupa na mashimo na kigae hakikai vizuri. Na ukitembea ama kukimbia pato linapanda, kwa sababu upepo unapiga upande wa nje. Mtu wa boda ako mbele yetu wote hapo.

Saketi pia zimekuja mbali. Kuna chipu kama LTC3108 inayoanza kazi na milivolti 20 tu na kuipandisha mpaka volti za kutumika. Seebeck angeshangaa.

Pale ambapo hii teknolojia tayari inalipa nyumba za kawaida, moto unatoka kwa jiko, hautoki kwa mwili. Miaka ya 1950 Wasovieti walikuwa na taa ya mafuta iliyovishwa mapezi ya chuma juu, na hilo joto la taa liliendesha redio kijijini. BioLite, kampuni iliyoanzia Brooklyn, inatengeneza jiko la kuni la kubeba ambalo moto wake unaendesha feni na kuchaji simu. CampStove 2 yao inatoa wati 3. Milioni tatu kwa shilingi zetu, na imetoka kwa kigae cha ukoo uleule. Tofauti ni kwamba moto uko na mamia ya digrii na ngozi iko na 33.

Jaribu mwenyewe kejani

Kama bado huamini, tafuta kigae kimoja cha Peltier, kile kimeandikwa TEC1-12706. Ulizia kwa maduka ya spea za elektroniki pale Luthuli, ama nyofoa kwa dispensa iliyokufa. Azima mita ya fundi. Jaza sufuria ya aluminiamu na maji baridi sana, weka barafu kama iko, kisha kausha sehemu ya chini kwa nje. Unganisha waya za kigae kwa mita, ukiwa umeiweka kwa milivolti za DC. Bana kigae kati ya kiganja chako na chini ya sufuria.

Utaona mita ikiruka, pengine milivolti 200 ama 300. LED nyekundu inataka karibu 1,800, so usiiunganishe ukitegemea miujiza. Na usiweke kigae moja kwa moja juu ya moto wa jiko kutafuta zaidi, solda ya ndani ya vile vya bei rahisi inayeyuka karibu digrii 138 na utakuwa umeua kigae.

Endelea kushika, usitoe mkono. Baada ya dakika chache namba zitaanza kushuka zenyewe. Kigae hakijaharibika, ni maji yamepata joto na kiganja kimepoa. Badilisha maji, pasha mkono, zitapanda tena.